Wadau, mji wa Magadi umenishinda mezani. Ushauri tafadhali

Msafiri_wa_Konza: Wadau, salamu. Najenga reli ndogo ya nyumbani, kipimo cha 1:87, upana wa njia milimita 12. Zidisha kwa 87 upate mita moja na ushee, yaani reli yetu ile ya zamani. Mji niliouchagua ni Magadi. Kiwanda cha soda, ile ya magadi si ya kunywa, kimemeza meza yote! Nikiweka stesheni, nyumba za wafanyakazi hazina pa kukaa. Nikiweka nyumba, ziwa linabaki kama karai. Nipunguze nini?

Fundi_Kipara: Usianze na majengo, anza na mabehewa. Matupu yanaingia na mafuta, soda inatoka kwenda Konza hadi Mombasa. Basi unahitaji njia ya kupakia, njia ya mafuta, na ya kichwa cha treni kuzungukia kikashike mabehewa upande wa pili. Kiwanda kibandike ukutani, unene wa vidole vinne tu. Tuma picha. Chumba kina ukubwa gani?

Shangazi_Tanga: Mie magadi nayajua ya kulainisha maharage 😂

Baba_Tano: Marehemu mzee wangu alifanya kazi kule. Mchana mlango wa behewa hushiki kwa mkono mtupu. Tulikuwa tukiletewa…, basi tuyaache, nitalia bure.

Msafiri_wa_Konza: Asante Fundi. Ila kichwa ninacho tayari, kile cha mvuke cha daraja la 59, kiitwacho Mount Gelai. Hicho sibadilishi.

Mzee_wa_Garati: Hapo umepotea njia. Injini za daraja la 59 zilikuwa 34, zote zina majina ya milima, na kazi yao ilikuwa Mombasa–Nairobi. Mount Gelai yenyewe iko makumbusho ya reli Nairobi, kaitazame. Ina urefu wa zaidi ya mita 30. Kwa kipimo chako ni kama sentimita 36. Kona zako zitaimudu?

Msafiri_wa_Konza: Mlima Gelai wenyewe hauko mbali na Magadi. Na reli ni yangu.

Fundi_Kipara: Narudia: chumba? Picha?

Msafiri_wa_Konza: Meza ni ya umbo la L, nimeijengea humo humo chumbani. Plaiwudi nimeigundisha, milima nimeimwagia jasi. Haitoki mlangoni. Na mwenye nyumba amenipa notisi, nahama mwisho wa mwezi. Sikusema kwa sababu najua mtaniambia nikate. Sikati. Jasi ya milima ile imenichukua miezi minne.

Mama_Wawili: Mwanamume mzima, kodi inamshinda, pesa anamwaga kwenye treni za kuchezea. Watoto wamekula?

Msafiri_wa_Konza: Kodi nalipa, mama. Nyumba inauzwa.

Jicho_Kali: Ngojeni kidogo. Picha hakuna. Juzi kwenye uzi wa mabati ulisema unajenga kwako Kitengela. Leo mpangaji. Kesho utatuombea mchango wa kuhamisha ziwa. Hadithi hii umeipika.

Baba_Tano: Kumbe! Na mimi nimetoa machozi.

Msafiri_wa_Konza: Kitengela ni msingi tu, mabati bado. Picha sitaki kutuma kwa sababu ya aibu. Ziwa nililitengeneza kwa magadi halisi ya sokoni, kilo mbili, nikatia rangi ya waridi kidogo. Yalishika unyevu, yakaota ukoko juu ya reli. Kichwa kikifika ziwani kinazima. Magurudumu meupe kama ya mkokoteni uliotoka kinuni.

Fundi_Kipara: Jicho_Kali, hilo halipikwi. Ndugu, kwangura ziwa lote, futa reli kwa kitambaa chenye spiriti, halafu ziwa jipya ni jasi, rangi na vanishi. Magadi mrudishie Shangazi.

Shangazi_Tanga: Yenye rangi? Siyataki.

Jicho_Kali: Kilo mbili 😂😂 Sawa, nimekuamini. Picha tuma hata hivyo.

Fundi_Kipara: Sasa sikiliza. Ziwa si linatoka? Basi kata meza hapo hapo chini ya ziwa, kona ya L ilipo. Milima haiguswi. Usikatie kwenye njia panda. Kila kipande kiwe na miguu yake, viungwe kwa bolti. Niko Rongai, Jumamosi naweza kuja na msumeno.

Msafiri_wa_Konza: Njoo. Msumeno uache garini kwanza, tunywe chai.