Neva za samaki: zinaamriwa au zinaachiwa tu?

Kokwa: Wakuu, tulikaririshwa kuwa kwenye kiinitete cha samaki ngozi ndiyo inayoamriwa, neva zinajiotea. Upande wa tumbo kuna protini ya BMP, seli zinakuwa ngozi. Upande wa mgongo protini nyingine, Kodini, inaikamata BMP, seli zikikosa amri zinakuwa neva. Mimi naona hadithi hiyo imechoka. Kuna protini nyingine, FGF, nayo inaamuru. Na samaki wa Ziwa Malawi wanatofautiana ubongo tangu wakiwa viinitete, mbuna wa kwenye mawe mbali, wa mchangani mbali. Mnasemaje?

Bintimvuvi: Hadithi haijachoka, umeisoma nusu. Samaki pundamilia mwenye Kodini mbovu anatoka na ubongo mdogo na tumbo lililozidi. Sasa hapo nani kaamua kama si BMP?

Ngalawa77: Ziwa gani hilo?

Kokwa: Ndivyo watafiti walivyoandika mkuu. Turudi kwenye mada.

Ngalawa77: Hao watafiti hawakuzaliwa Mbamba Bay, huku Tanzania. Ni ZIWA NYASA. Unagawa ziwa letu kwenye mstari wa saba halafu unataka tukujibu habari za protini?

Chambo wa Karonga: Poleni majirani. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1880 na kitu uliweka mpaka ufukweni kwenu. Maji yote yetu Wamalawi. Hata neno mbuna ni Kitonga cha huku, lirudisheni.

Ngalawa77: Ni 1890, na ni karatasi ya wakoloni. Mpaka unapita katikati ya maji.

Chambo wa Karonga: Na mipaka yenu mingine aliichora nani, babu yako?

Bintimvuvi: Babu wa mtu anaingiaje hapa? Kokwa, kuhusu FGF nakupa nusu. Ubongo wa mbele unatosheka BMP ikizuiwa. Seli za uti wa mgongo zinaanzia pembezoni mwa kiinitete, nyingine upande wa tumbo kabisa kwenye BMP tele, na huko FGF ndiyo inayozisukuma.

Kokwa: Kumbe! Ndicho nilichosema.

Bintimvuvi: Hukusema hivyo. Ulisema imechoka.

Zebaki: Mmeisahau Wnt, protini nyingine ya kuamuru. Inatokea pembezoni na kazi yake ni kuvuta kila kitu kiwe cha nyuma. Ikizuiwa, samaki anakuwa karibu kichwa tu. Ikizidi, ubongo wa mbele na macho vinapotea. Ngalawa, wewe nahisi ilikuzidi.

Ngalawa77: Matusi hayo. Nimetetea nchi yangu, naitwa sina ubongo. Moderata yuko wapi?

Zebaki: Wa mbele tu, kaka. Wa nyuma unao, ndio maana unapumua.

Bintimvuvi: 😂 Ila samaki wenyewe wana akili kuliko nyie. Mpaka wa ubongo wa kati na wa nyuma unakaa pale jeni mbili, Otx na Gbx, zinapokutana, kila moja ikimzuia mwenzake asivuke. Hapohapo mpakani FGF8, aina mojawapo ya FGF, inatoka na kuzijenga pande zote mbili.

Ngalawa77: Umesikia Chambo? KATIKATI.

Chambo wa Karonga: Kasema zinapokutana, hakusema katikati. Gbx ikilegea, Otx inasogea mpaka nyuma.

Ngalawa77: Jaribuni kusogea.

Kokwa: Nimehariri, sasa inasomeka Ziwa Nyasa. Naomba mtu anijibu kuhusu mbuna na samaki wa mchangani.

Chambo wa Karonga: Umehariri? Basi nami sijibu.