Hivi Zambia na Zimbabwe wanalinda Maporomoko ya Victoria au wanashindana kuyamaliza?

Wakuu mnisamehe, leo naandika nikiwa na hasira. Nimerudi Livingstone, mji wa Zambia ulio jirani na maporomoko, na wageni wangu, tumepitia Tunduma kwa gari, watu wamechoka balaa, tunafika getini upande wa Zambia mwezi wa kumi, jamaa anatukodishia makoti ya mvua, tunavaa fresh kabisa tunaenda mpaka lile daraja la Knife-Edge ambalo mwezi wa nne unatoka umelowa mpaka chupi, halafu mbele yetu ni jabali. Jabali jeusi, kavu, na makoti yetu mwilini kama wehu. Mgeni mmoja akaniuliza kama kuna mtu kafunga koki, nikacheka tu maana kwa namna fulani ni kweli imefungwa.

Na msinijie na ukame. Ukame upo, 2019 na 2024 ulipiga kweli, na Zambezi hushuka kila kiangazi hilo nalijua. Lakini juu ya maporomoko palepale Zambia wana mfereji unachota maji kabla hayajafika ukingoni, yanaenda kuzungusha mitambo ya umeme, megawati 108. Mto ukijaa huoni tofauti yoyote, ukipungua ndo unaona nani anakula cha nani.

Wengi wanadhani hasara ni picha za watalii. Ule msitu uliopo ng'ambo ya korongo, mikuyu, mitende pori, pongo wanajificha humo, hauishi kwa mvua ya mawinguni jamani, unaishi kwa manyunyu yanayopanda kutoka chini, zaidi ya mita 100, yanaushukia siku nzima. Tembea hatua chache tu kutoka hapo unakuta nyasi za kawaida na vumbi. Sasa kata maji uone. Na humohumo msituni kichaka vamizi cha lantana kimeshajipenyeza, hiki hiki tunachohangaika nacho kwetu, na helikopta zinazunguka juu asubuhi mpaka jioni hata ndege huwasikii.

Hapo ni urithi wa dunia tangu 1989, eneo moja, nchi mbili. Mkija kwenye hela kila mtu na duka lake! Geti lako, geti langu, kiingilio mara mbili. Zambia wamepandisha hoteli kubwa kando ya mto ndani ya eneo la urithi, UNESCO wakalalamika, hoteli ikaendelea. Atakayeniambia kuna kamati ya pamoja na mpango wa pamoja, naijua hiyo kamati, karatasi safi sana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wakitaka kushirikiana wanaweza! Angalia bwawa lao la Kariba, chini ya mto huohuo, wana mamlaka moja ya mto tangu 1987, wanakaa meza moja wanagawana maji bila kushikana mashati. Na sasa mamlaka hiyohiyo inataka bwawa la Batoka, kama kilomita 50 chini ya maporomoko, megawati 2,400, nusu kwa nusu. Umeme wanauhitaji, watu wanakaa giza masaa mangapi kwa siku, sibishi. Ila maji ya bwawa yatarudi nyuma mpaka kwenye makorongo, maporomoko madogo ambako vijana wa pale wanaendesha watalii kwa maboti ya mpira yatazama, na vijana wenyewe sijui wataenda wapi. Megawati zinagawika nusu kwa nusu, kung'oa lantana hakuna wa kugawana naye?

(Na sisi tusijione wajanja, njia ya Bologonja kati ya Serengeti yetu na Maasai Mara ya Kenya imefungwa kwa watalii tangu 1977.)

Mi nataka kitu kimoja tu, kiangazi kiwekwe kiwango cha maji ambacho mfereji hauruhusiwi kugusa, nchi zote mbili zisaini, na kipimo kibandikwe pale getini kila mtu akisome kabla hajalipa. Madereva wa Lusaka na Harare mliomo humu, mkipita pale kabla mvua hazijaanza pigeni picha za upande wa Zambia mtupie hapa, za mwezi huu sio za kadi za posta.