Ubuntu 22.04 kwenda 24.04: waifai imepotea na intaneti ya waya wa simu haishiki. Nianzie wapi?

Bi_Steshenari (Mtwara mjini)

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada, mashine hii ndiyo ya kazi hapa Chikongola na wateja wanasubiri kuprintiwa fomu zilizo kwenye barua pepe zao.

Laptopu ni HP 15. Nimeipandisha kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04 kwa do-release-upgrade, intaneti ikitoka kwenye simu. Katikati bando likaisha, nikajiunga jingine, kazi ikaendelea na mwisho ikaomba iwashwe upya. Tangu hapo alama ya waifai haipo kabisa. Si kwamba haioni mitandao, hata sehemu ya waifai kwenye Settings imeondoka. Nikichomeka simu kwa waya na kuwasha USB tethering, simu inaonyesha imewaka lakini laptopu haipati kitu. Sauti ipo na printa inafanya kazi.

Nimeshauriwa nifute kila kitu niweke upya. Kuna mafaili ya wateja humo na sina pa kuyahamishia.

Fundi_Mikindani

Dada, usifute. Hilo ni tatizo la kurekebishika, na kwa maelezo yako naona ni matatizo mawili yaliyokutana siku moja: waifai ina lake, waya wa simu una lake. Ukiyachanganya utazunguka usiku kucha.

Chomeka simu, washa USB tethering, fungua terminali (Ctrl+Alt+T) uandike hizi moja moja, kisha piga picha majibu:

`uname -r`
`lspci -nnk | grep -iA3 net`
`nmcli device status`
`dkms status`
`rfkill list`

Ya kwanza inataja kerneli (kiini cha mfumo) inayotumika sasa. Ya pili inaonyesha chipu ya waifai na kama kuna draiva (programu ya kuiendesha) iliyoishika. Ya tatu ndiyo muhimu kwa waya wa simu. Ya nne inaorodhesha draiva zinazojengwa upya kila kerneli inapobadilika. Ya mwisho ni ya kuhakikisha waifai haijafungwa kwa kitufe.

Kwamba sauti ipo ni habari njema. Kifurushi cha linux-modules-extra kikikosekana, mara nyingi waifai na sauti hupotea pamoja. Kwa hiyo huko pengine pamesalimika.

Bi_Steshenari

Asante mkuu. Majibu haya hapa. rfkill haikutoa chochote.

`6.8.0-45-generic`

`Network controller [0280]: Broadcom BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365]`
`Kernel modules: bcma`

`enp0s20u2   ethernet   unmanaged   --`
`enp2s0      ethernet   unmanaged   --`
`lo          loopback   unmanaged   --`

`bcmwl/6.30.223.271+bdcom: added`

Newala_Tek

Hapo ni unmanaged tu, yaani mfumo hauvisimamii vifaa hivyo. Andika `sudo nmcli device set enp0s20u2 managed yes` halafu `sudo nmcli device connect enp0s20u2`. Kwa waifai weka firmware-b43-installer.

Bi_Steshenari

Nimejaribu hizo mbili za nmcli. Bado unmanaged.

Fundi_Mikindani

Ndugu Newala, amri ya managed yes inafaa pale kifaa kilipoachwa kwa sababu nyingine. Hapa kimezuiwa na `unmanaged-devices` ndani ya mafaili ya NetworkManager (programu inayosimamia mitandao), na zuio la aina hiyo nmcli haina uwezo wa kulivuka. Na draiva ya b43 tuiache kabisa: chipu ya 14e4:4365 haimo kwenye orodha ya b43. Akiiweka atamaliza MB bure na kuongeza draiva ya kugombana na ile sahihi.

Dada, tuanze na waya wa simu, maana bila intaneti ya aina yoyote waifai haitengenezeki kirahisi.

Ubuntu inakuja na faili hili: `/usr/lib/NetworkManager/conf.d/10-globally-managed-devices.conf`. Ndani yake kuna mstari unaoiambia NetworkManager isiguse kifaa chochote isipokuwa waifai na modemu. Kwa kawaida mstari huo haukuumizi kwa sababu netplan (inayoshika mipangilio ya mtandao), ikiwa imeelekezwa kwamba msimamizi ni NetworkManager, huweka faili tupu lenye jina hilohilo mahali penye nguvu zaidi na kulifunika. Mashine yako imepoteza maelekezo hayo ya netplan. Simu iliyochomekwa kwa waya huhesabiwa kuwa ethernet, wala si modemu, ndiyo maana ikaachwa pamoja na tundu la LAN, ile enp2s0.

Rudisha maelekezo:

`sudo nano /etc/netplan/01-network-manager-all.yaml`

Andika mistari mitatu tu:

```
network:
  version: 2
  renderer: NetworkManager
```

Mstari wa pili na wa tatu vinaanza kwa nafasi mbili, zibonyezwe kwa kitufe cha nafasi, kamwe si Tab. Netplan ikikuta Tab inalikataa faili lote. Hifadhi kwa Ctrl+O, Enter, toka kwa Ctrl+X. Halafu:

`sudo chmod 600 /etc/netplan/01-network-manager-all.yaml`
`sudo netplan apply`
`sudo systemctl restart NetworkManager`

Rudia `nmcli device status`. Ukikuta bado unmanaged, kuna mafaili mengine ndani ya /etc/netplan yanayosema `renderer: networkd`, yatazame kwa `ls /etc/netplan`, lakini usifute kabla hujatuonyesha.

Lindi_Bandarini

Naongezea njia ya akiba kwa atakayesoma uzi huu akiwa hana hata waya wa simu unaofanya kazi. Zima laptopu, iwashe huku ukigonga Esc taratibu (mashine za zamani zisizo na UEFI unashikilia Shift) mpaka ije menyu ya GRUB, ya kuchagua kerneli ya kuwashia. Chagua Advanced options for Ubuntu, kisha kerneli ya zamani, kwa aliyetoka 22.04 inaweza kuwa ile inayoanza na 5.15. Ikiwa draiva yako ni ya ndani ya kerneli, kama Intel nyingi, intaneti inaweza kurudi hapohapo ukapata pa kurekebishia. Kwa Broadcom ya dada sikuahidi, maana kifurushi kikishabadilishwa moduli ya zamani nayo huondolewa.

Tahadhari: ukiwa kwenye kerneli ya zamani, `$(uname -r)` inataja hiyo ya zamani. Ukinakili amri ya kusakinisha headers jinsi ilivyo utakuwa unaitengeneza ile isiyoumwa. Andika namba ya kerneli mpya kwa mkono.

Bi_Steshenari

Waya wa simu umeshika! enp0s20u2 imeandika connected. Natumia bando dogo, sasa nishushe nini?

Fundi_Mikindani

Safi sana. Kwa bando dogo, usiandike `apt upgrade` leo. Kifurushi cha linux-firmware peke yake ni mamia ya MB, kikijiunga kwenye foleni bando limekwisha na tutarudi tulikotoka.

Kwanza izuie mashine isishushe mambo yake nyuma yako:

`sudo snap set system refresh.metered=hold`
`nmcli connection show`

Chukua jina la muunganisho unaotumika, kwa kawaida ni Wired connection 1, kisha:

`nmcli connection modify "Wired connection 1" connection.metered yes`
`nmcli connection up "Wired connection 1"`

Sasa waifai. Hiyo chipu inaendeshwa na moduli iitwayo wl. Haimo ndani ya kerneli. Inatoka kwenye kifurushi cha bcmwl-kernel-source na hujengwa humohumo kwenye laptopu yako kwa kila kerneli. Kujengwa kunahitaji linux-headers (mafaili ya kujengea moduli) za kerneli ileile, namba kwa namba. Neno `added` kwenye dkms status lina maana kwamba msimbo umefika lakini moduli haijajengwa. Tunataka lisomeke `installed`. Ninavyosoma mimi, bando lilipokatika headers hazikushuka, ujenzi ukashindikana, na uboreshaji ukasonga mbele.

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt update`
`sudo apt install linux-headers-$(uname -r) linux-headers-generic`
`sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source`

Ya kwanza inamalizia vilivyoachwa nusu, haitumii MB. Apt kabla ya kuuliza Y huandika itashusha kiasi gani. Isome namba hiyo kila mara. linux-headers-generic usiiruke, maana ndiyo itakayoleta headers pamoja na kila kerneli ijayo. Ukiiacha, mwezi ujao kerneli ikibadilika waifai itapotea tena kwa ugonjwa huuhuu.

Apt ikisema haikipati kifurushi cha bcmwl, sehemu ya restricted imezimwa kwenye vyanzo. Iwashe kwa `sudo add-apt-repository restricted`, kisha apt update.

Baada ya hapo `dkms status`, halafu `sudo modprobe wl`.

Bi_Steshenari

dkms status sasa inasoma `bcmwl/6.30.223.271+bdcom, 6.8.0-45-generic, x86_64: installed`. Lakini modprobe imekataa:

`modprobe: ERROR: could not insert 'wl': Key was rejected by service`

Fundi_Mikindani

Hiyo ni Secure Boot, ulinzi wa BIOS unaokataa moduli isiyo na saini inayotambulika. Uliwahi kugusa BIOS katika kuhangaika?

Bi_Steshenari

Ndiyo, jana nilirudisha BIOS kwenye mpangilio wa kiwandani nikidhani itasaidia.

Fundi_Mikindani

Basi ndipo ilipowaka. Zamani ilikuwa imezimwa, wl ikapita bila kuulizwa. Hakikisha kwa `mokutil --sb-state`. Itasema SecureBoot enabled. Waweza kurudi BIOS (F10 kwa HP) ukaizima, lakini mimi naona bora kuiandikisha saini ya moduli, ili Secure Boot ibaki na waifai ifanye kazi:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Itakuomba neno la siri jipya, mara mbili. Weka herufi nane nyepesi, liandike kwenye karatasi, utalihitaji mara moja tu. Washa upya na usiondoke mbele ya skrini. Itakuja skrini ya buluu inayokupa sekunde 10 kubonyeza kitufe chochote. Zikipita, mashine inaendelea kuwaka kama kawaida na saini haikuandikwa, inabidi urudie import. Ukiiwahi, chagua Enroll MOK, Continue, Yes, andika neno la siri (herufi hazionekani unapoandika), kisha Reboot.

Masasi_Kusini

Wakuu naomba nidandie. Yangu pia ni 24.04 baada ya kupandisha. Waifai imeshika na alama ipo, ila kurasa hazifunguki. `ping -c 3 1.1.1.1` inajibu vizuri.

Lindi_Bandarini

Ping ya namba ikijibu, njia ya nje ipo. Kilichokufa ni kutafsiri majina, au saa. Angalia saa kwanza kwa `timedatectl`, maana ni rahisi. Betri ndogo ya ubao mama, CR2032 kwenye mashine nyingi, ikifa, umeme ukikatika mashine inarudi miaka ya nyuma na kivinjari kinakataa vyeti vya tovuti zote.

Saa ikiwa sawa, andika `ls -l /etc/resolv.conf`. Inatakiwa ielekeze `../run/systemd/resolve/stub-resolv.conf`. Kwenye 24.04 systemd-resolved, inayotafsiri majina, ni kifurushi kinachojitegemea, na uboreshaji uliokatika unaweza kukiacha nje. Kiungo kinabaki kikielekeza kusiko na kitu. Weka cha muda:

`sudo rm /etc/resolv.conf`
`echo "nameserver 1.1.1.1" | sudo tee /etc/resolv.conf`
`sudo apt update`
`sudo apt install systemd-resolved`

Usiruke rm, kwa kuwa tee itafuata kiungo kilichovunjika na kugoma. Ukimaliza kusakinisha rudisha kiungo:

`sudo ln -sf ../run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf`
`sudo systemctl restart systemd-resolved`

Na kama hata ping ya 1.1.1.1 haijibu wakati simu yako nayo haifungui kitu, iache laptopu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, Tanzania nzima ilisumbuka, na siku kama hiyo hakuna amri ya terminali itakayokusaidia.

Masasi_Kusini

Kifurushi kweli hakikuwepo. Kurasa zinafunguka. Shukrani.

Bi_Steshenari

Skrini ya buluu nilichelewa mara ya kwanza, nikarudia import, ya pili nikaiwahi. Alama ya waifai imerudi, lspci sasa inaandika `Kernel driver in use: wl`. Nimeshaprinti fomu za wateja wa jana. Swali moja la mwisho: kerneli za zamani nizifute kwa autoremove kupata nafasi?

Fundi_Mikindani

Hongera dada. Autoremove subiri. Siku ukiwa na bando la kutosha fanya apt upgrade, washa upya kwenye kerneli mpya, uone `dkms status` imeandika installed kwa namba hiyo mpya na waifai inashika. Hapo ndipo ufute. Hizi za sasa ziache kwenye GRUB mpaka siku hiyo.