Tupeane uzoefu: uduvi na konokono kwenye tangi la maji baridi (yasiyo ya chumvi)

Mwanzisha mada
Wakuu, tuweke hapa yanayofanya kazi kwa uduvi wekundu (neokaridina) na konokono, hasa kwa sisi wa Dar, Tanga na Mombasa ambako tangi linafika nyuzi 29 bila hita. Naanza na kukomaza tangi, yaani kuliacha lifanye kazi mpaka bakteria wa kusafisha uchafu wazaliane. Lita 40, filta ya sponji na pampu ya hewa, wiki 4 hadi 6 bila mdudu yeyote. Kwenye kipimo cha maji, amonia na naitraiti (sumu za uchafu) zisome 0, naitreti isizidi 20 (mg kwa lita). Hata hapo subirini mpaka kioo na mawe viote utando wa kijani. Uduvi mchanga anaishi kwa huo utando, hana nguvu ya kuzunguka tangi zima kutafuta chakula. Tangi linalong'aa huua watoto kwa njaa.

Mkungu
Kuhusu joto: feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 hadi 3. Lakini kinachopotea ni mvuke, madini yanabaki, kwa hiyo ukijazia maji ya bomba kila siku ugumu wa maji (wingi wa madini) unapanda. Jazia maji ya mvua yaliyodondokea moja kwa moja kwenye ndoo. Ya bati yana zinki, na ya kiyoyozi yamepita kwenye shaba. Yote mawili ni hatari kwa uduvi.

Fundi wa matangi
Vifo vingi hutokea wakati wa kujivua gamba. Kwa kawaida gamba hupasuka nyuma ya shingo na uduvi anachomoka kwa kujirusha mara moja. Ukiona pete nyeupe imemzunguka mwili mzima pale shingoni, gamba limekatika pande zote na huyo mara nyingi haponi. Chanzo ni maji mengi kubadilishwa kwa mpigo, au madini pungufu. Badilisha asilimia 10 kwa wiki, ugumu (GH) ukae 6 hadi 8. Uduvi wapya wazoeshwe kwa kuwadondoshea maji ya tangi kwa mpira wa dripu wa duka la dawa, matone 2 kwa sekunde, kwa muda wa saa 2. Gamba tupu liacheni humo, wanalila na kurudisha kalsiamu.

Bi Konokono
Naongeza sumu za nyumbani. Dawa ya mbu ya kupuliza inaua uduvi wote usiku mmoja, na pampu ya hewa ndiyo inayoivuta na kuisukuma majini. Kama lazima mpulize, pampu ikae chumba kingine na tangi lifunikwe. Msikate chandarua chenye dawa kuzibia mdomo wa filta, hata kikiwa cha zamani. Dawa za samaki zenye shaba, hapana kabisa.

Halafu konokono. Jamani, msiokote mtoni wala ziwani. Yule bapa aliyejikunja kama pembe ya kondoo anafanana sana na Biomphalaria, anayebeba kichocho cha tumbo. Mwenzake Bulinus hubeba kichocho cha mkojo. Chukueni waliozaliwa ndani ya tangi.

Fundi wa matangi
Kweli kabisa. Na wale wakubwa wa njano wa jamii ya Pomacea wasimwagwe mtaroni. Jamii hiyo iliingia mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, ikaripotiwa 2020, na inakula miche. Mayai yao ya waridi yanakaa juu ya maji, yakwangue na kuyagandisha kabla ya kutupa.

Mgeni wa mada
Konokono wangu magamba yanaliwa, ncha imekuwa nyeupe kama chaki. Tatizo chakula?

Bi Konokono
Hapana ndugu, maji yana asidi. Pima pH, ikiwa chini ya 7 inayeyusha gamba. Weka kipande cha mfupa wa ngisi chenye ukubwa wa kidole gumba, kilichooshwa mpaka chumvi itoke. Palipoliwa hapajirudishi, angalia ukingo mpya wa mdomo wa gamba, ndio utakaotoka mzima bila kuliwa.

Mkungu
Majani makavu ya mti wa mkungu (si mkungu wa ndizi) yanafaa sana, jani 1 kwa lita 40, lililodondoka lenyewe na kuwa kahawia, mbali na barabara. Liloweke siku 2. Baada ya wiki 3 uduvi wanakuwa wamelitafuna likabaki mishipa kama wavu. Ila kwa huyo mwenye magamba yanayoliwa, asiyaweke kwanza, yanashusha pH.