MREJESHO: Binti yangu na video za waya za meno

Wakuu, niliuliza kama nimwache binti yangu wa miaka 14 ajifunze mambo ya waya za kunyoosha meno YouTube kabla ya kwenda kwa daktari hapa Mbeya, wengi mkasema tuangalie pamoja, tukafanya hivyo.

Imesaidia sana aisee. Kuna katuni inaonyesha waya unavyosukuma jino taratibu, upande mmoja mfupa unalika, upande wa pili unajengwa mpya, hapo ndo akaelewa kwa nini ni mwaka mpaka miaka miwili na sio wiki mbili. Sasa waya anazo, anapiga mswaki kila akimaliza kula bila kukumbushwa, miwa kaacha mwenyewe, mahindi ya kuchoma anapukuchua kwanza.

Ila zipo video vijana wanajifunga raba bendi za kawaida ili kuziba mwanya, hiyo nimeongea nae kwa kirefu maana raba inateleza inaingia chini ya ufizi na jino linaweza kutoka kabisa. Wenye vijana tafadhali waulizeni wanaangalia nini.

Waya zikitolewa atavaa ritena, yaani kifaa cha kushikilia meno yabaki yalipo, bila hivyo meno yanarudi. Mwenye video nzuri ya ritena kwa Kiswahili anitumie.