Ofisi ya kanda na makao makuu: nitii agizo la nani? Naomba ushauri

Mhasibu_Kanda
Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni mhasibu kwenye ofisi ya kanda ya taasisi moja kubwa. Mkuu wa kanda ndiye ananisimamia kila siku, likizo na tathmini yangu ziko kwake. Lakini mkurugenzi wa fedha wa makao makuu naye ananiandikia moja kwa moja. Sasa mkuu wa kanda ameagiza nimlipe mkandarasi aliyemaliza kazi, na makao makuu wameleta agizo kwamba malipo ya kandarasi yasimame. Nikitii huku, kule naonekana mkaidi. Mkandarasi anadai jasho lake, na hilo linaniuma. Nifanyeje?

Msajili
Pole mkuu. Una mabosi wawili, ila kila mmoja ana eneo lake. Wa kanda anakusimamia kiutawala: mahudhurio, ruhusa, nidhamu. Wa fedha anakusimamia kitaaluma: namna ya kulipa, vitabu, taarifa. Mkaguzi akija, anayejibu kuhusu fedha ni afisa masuuli, yaani ofisa anayewajibika kwa fedha zote za taasisi, na mara nyingi yuko makao makuu. Tafuta hati ya kukasimu madaraka, yaani inayompa mtu wa chini ruhusa ya kuamua kwa niaba ya mkubwa wake, uone mkuu wa kanda anaidhinisha nini na hadi kiasi gani. Kama kandarasi hazimo, cheo chake hakiziingizi.

Bi_Wakili
Naongezea. Kukasimu si kugatua, yaani kuhamisha madaraka kabisa. Aliyekasimu anaweza kuyachukua tena madaraka yake, na muda wote bado anawajibika. Naye aliyekasimiwa hawezi kumkasimia mwingine bila idhini. Madaraka yaliyotolewa na sheria yenyewe ni habari nyingine, hayo hayaondolewi kwa barua pepe.

Halafu ofisi ya kanda kwa kawaida haina nafsi yake kisheria. Mkandarasi akienda mahakamani atashitaki taasisi nzima. Makao makuu wakumbushwe kwamba deni ni lao.

Mtafiti_Utawala
Mimi sikubali kwamba makao makuu ndiyo yenye kauli ya mwisho kila mahali. Shirika la Afya Duniani lina ofisi 6 za kanda, na wakurugenzi wake hupigiwa kura kwanza na nchi za kanda husika, ndipo Bodi Tendaji inawateua. Ile ya Amerika chimbuko lake ni 1902, wakati shirika lenyewe lilianza 1948! Mkurugenzi wa hivyo huwezi kumwamrisha kama karani. Uingereza nako, wakala za serikali zilizoundwa kuanzia 1988 zina waraka unaoeleza wakala inaamua nini na wizara inabaki na nini. Kwa hiyo mkuu, achana na mchoro wa muundo uliobandikwa ukutani. Soma waraka ulioanzisha ofisi yenu.

Mhasibu_Kanda
Asanteni sana. Hati nimeipata. Inamruhusu mkuu wa kanda matumizi ya kawaida ya ofisi tu, kandarasi hazimo. Sasa namwambiaje bila kumvunjia heshima?

Msajili
Usimruke. Mpelekee dokezo ukinukuu kifungu hicho, pamoja na rasimu ya barua kwa mkurugenzi wa fedha inayopita kwake. Ambatanisha ankara na hati ya kukamilika kwa kazi, na utaje tarehe ya mwisho ya kulipa iliyomo kwenye mkataba, pamoja na riba kama ipo. Ombeni jibu la maandishi. Wakikujibu kwa simu, waandikie siku hiyohiyo kuthibitisha mlichokubaliana, nakala kwa mkuu wa kanda.