Caterham ya injini ya K, Westfield ya Zetec au MX-5? Nisaidieni kabla ya Jumamosi

KijanaWaTanga:
Wakuu, salamu. Nimekuwa nikisoma humu kimya kimya, leo nina jambo langu. Niko Uingereza mwaka wa kumi na moja sasa, na ile hamu ya gari dogo jepesi la michezo imefika mahali pa kutoa pesa. Nina pauni 14,000. Nimeona matatu. Kwanza Caterham Seven ya 1999, injini ya K ya Rover, 1.6, maili 31,000, pauni 13,950. Pili Westfield ya 2003 yenye Ford Zetec ya lita mbili, mwenyewe aliiunga nyumbani kwake, pauni 9,500. Tatu Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, 1.8 ya 1994, pauni 5,800. Jumamosi naenda Derbyshire kuiona hiyo Caterham. Ingekuwa nyinyi, mngechukua lipi?

SpanaKumi:
Karibu ndugu. Swali lako bado halijibiki. Una urefu gani? Unavaa kiatu namba ngapi? Gari litalala wapi? Spana utashika mwenyewe au utalipa fundi? Litakuwa la Jumapili asubuhi au la kwenda nalo kazini kila siku? Kwenye magari haya hayo ndiyo yanayoamua, si rangi wala nguvu farasi. Halafu pauni 13,950 kati ya 14,000: bima na tairi utalipia nini?

DadaWaCadwell:
MX-5, wala usisite. Yangu ina miaka saba mikononi mwangu. Asubuhi ya baridi inawaka, hita inafanya kazi, paa la turubai nalifunga kwa mkono mmoja nikisubiri taa. Vipuri viko kila mahali. Adui yake ni kutu. Piga magoti, pitisha kidole gumba chini ya mlango, karibu na tairi la nyuma. Maji ya paa yana tundu lake la kutokea, na likizibwa na majani maji yanakaa humo ndani yakila chuma. Bonyeza kwa nguvu. Kidole kikizama, muage muuzaji urudi nyumbani.

MzeeKombo:
Binti yangu, MX-5 ni gari zuri sana, lakini mwenzako kauliza gari jepesi. MX-5 inakaribia tani moja. Seven ina kama kilo 550. Tofauti hiyo unaisikia kiunoni. Ukigusa usukani pua imeshageuka, ukigusa breki gari limeshatulia. Umekaa chini kiasi kwamba ukinyoosha mkono nje unagusa lami. Nimeendesha magari mengi tangu niondoke Zanzibar, na hakuna lililonifundisha kuendesha kama hili, kwa sababu halifichi kosa lako hata dogo.

DadaWaCadwell:
Mzee wangu, sibishi kuhusu raha. Nabisha kuhusu mvua. Seven haina ABS, haina mfuko wa hewa, na milango ni vitambaa vya kubana na vishikizo. Huyu hajatuambia hata kama ana gari jingine.

KijanaWaTanga:
Samahani, nilisahau kueleza. Nina Corolla ya kazini na ya familia, mke na mtoto wa miaka miwili. Hili ni la kwangu la mwisho wa wiki. Urefu sentimita 188, kiatu namba 46. Ufundi wangu ni kubadilisha oili na breki pedi, zaidi ya hapo hapana. Litalala barabarani mbele ya nyumba, sina gereji.

SpanaKumi:
Sasa umesema. Barabarani hapana. Gari lisilo na kufuli la maana, paa lake la kitambaa, zulia linalowa kila usiku! Kampuni za bima za magari haya zitakuuliza linalala wapi kabla ya kukuuliza jina. Tafuta kwanza pa kulilaza, ndiyo uzungumze na muuzaji.

La pili, miguu. Caterham ya bodi ya kawaida ni nyembamba sana pale kwenye pedali. Klachi, breki na moto (pedali ya mafuta) vimebanana, na kiatu chako cha 46 kitakanyaga viwili kwa pamoja. Zipo zenye bodi pana, kama sentimita 11 zaidi, na zipo zenye sakafu ya dereva iliyoshushwa kwa watu warefu. Hiyo ya Derbyshire ni ipi? Muulize leo. Westfield nayo ina bodi nyembamba na pana. Nenda na kiatu chembamba, kaa ndani dakika kumi, kanyaga breki kwa nguvu zote kisha utazame soli imegusa nini.

NyaliBoy:
Mimi nina swali wazee. Kwani Caterham si gari ya kuunga mwenyewe pia? Mbona watu huongea kama ni ya kiwanda na Westfield ndiyo ya uani?

MzeeKombo:
Zote mbili zinauzwa kwa vipande au zikiwa zimekamilika. Asili ni Lotus Seven, Colin Chapman aliitoa mwaka 1957. Wakati ule Uingereza gari zima lilikuwa na kodi ya mauzo, na vipande havikuwa nayo, kwa hiyo kijana wa mshahara mdogo aliweza kununua masanduku akaunga mwenyewe. Mwaka 1973 ikaja VAT, nafuu hiyo ikaisha, Lotus wakaiachia haki ya Seven kampuni ya Caterham iliyokuwa ikiwauzia. Ndiyo maana nasema Caterham ndiyo yenye damu. Nyingine zimefuata umbo.

SpanaKumi:
Mzee, kwa heshima zote, damu haikazi nati. Nimefungua Caterham zilizoungwa vibaya na Westfield zilizoungwa na watu wenye mikono ya fundi saa. Cha kutazama ni yule aliyeunga. Ana faili la risiti na picha za kila hatua? Ingiza kichwa chini ya dashibodi: nyaya zimefungwa vizuri na kupewa rangi, au ni kichaka na gundi ya karatasi? Tazama nati za kusimamishia tairi. Zile zenye plastiki ndani lazima nyuzi za bolti zitokeze nje ya plastiki. Ukiona bolti imeishia ndani ya nati, mtu huyo hakujua alichokifanya, na hiyo ndiyo nati inayokushikia gurudumu. Zetec yenyewe ni injini ngumu, vipuri vyake rahisi. Mimi kwa pauni 9,500 ningechukua Westfield, pauni 4,500 zibaki mfukoni kwa tairi, bima na gereji ya kupanga.

MzeeKombo:
Kuhusu kukagua, nakubaliana nawe neno kwa neno. Na kwa kuwa kijana anaenda kuona injini ya K, wacha nimweleze yaliyonipata.

Yangu niliinunua 2011, ya kijani yenye pua ya njano. Muuzaji alinihakikishia kwamba mfumo wa maji umeshughulikiwa wote. Niliamini, sikuinama kutazama. Mwezi wa Septemba nikaenda nayo Wales, ile barabara ya A4069 inayopanda Black Mountain kutoka Llangadog. Aliyeipita anaijua, kona inazaa kona, na kondoo wamelala juu ya lami kama ya kwao. Asubuhi ile nilikuwa na furaha kubwa. Karibu na kilele nikasikia harufu tamu, kama sukari inayoungua. Nikatazama geji ya joto, nikaona imeshuka. Nikajiambia ni upepo wa mlimani umepoza injini, nikaendelea maili mbili hivi.

Kumbe mpira wa maji ya hita, ule uliojificha nyuma ya injini, ulikuwa umepasuka pale kwenye kibanio. Maji yote yamekwenda. Sensa ilikuwa inapima hewa tupu, na sensa isipoguswa na maji haisemi kweli. Injini ya K tangu kuundwa kwake ina maji machache, haikusamehi ukipoteza hata kidogo. Ikapoteza nguvu, ikaanza kugonga, nikazima. Nilingoja ipoe hadi mchana. Nilipofungua kifuniko cha oili nikakuta povu zito la rangi ya chai ya maziwa limeganda chini yake, ishara kwamba maji yameingia kwenye oili. Nilikaa juu ya jiwe kando ya barabara muda mrefu kabla sijapiga simu ya gari la kuvuta.

Gasketi iliungua, silinda hedi ilipinda, na laina moja, ule mkono wa chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, ilikuwa imezama chini ya usawa wa bloku, kwa hiyo hata gasketi mpya isingeshika. Nililipa pauni 2,300. Mpira uliopasuka unauzwa pauni kumi na moja. Muuzaji akasema gari liliuzwa kama lilivyo.

Kijana wangu, Jumamosi mpigie simu asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu hataki ukisikie inapowaka baridi. Fungua kifuniko cha oili, fungua tangi la maji, nusa. Binya kila mpira kwa vidole, hasa ule wa nyuma usiouona. Ukisikia mpira unalia kama karatasi, umekauka.

SpanaKumi:
Pole sana mzee. Naongeza ya kifundi. Injini ile imebanwa na bolti kumi ndefu zinazoshuka kutoka hedi hadi chini ya bloku, ndiyo maana ikipata joto la ghafla kila kitu kinacheza. Muulize muuzaji kama ilishawekewa gasketi ya tabaka nyingi za chuma, na zile pini za plastiki zinazoweka hedi sawa juu ya bloku zikabadilishwa kuwa za chuma. Akiwa na risiti, hiyo ni K bora kuliko ambayo haijafunguliwa. Taimingi belti hubadilishwa kwa miaka hata kama maili hazijafika, na gari hili linatembea maili elfu moja kwa mwaka.

Chini, tazama mabomba ya chesisi. Rangi yake ikipasuka maji huingia chini yake na chuma kinaoza kwa siri, kwa hiyo gonga kwa mpini wa bisibisi usikilize. Barabarani, ukiwa gia ya pili, achia moto kisha kanyaga ghafla. Ukisikia "tong" mgongoni kwako, bushi za nyuma zimekwisha. Sampu, yaani karai la oili chini ya injini, nayo inaning'inia chini, angalia imekwaruzwa kiasi gani.

NyaliBoy:
Hapo kwa sampu mmenigusa. Ndoto yangu ni kuleta moja Mombasa nikistaafu. Barabara ya kwenda Malindi asubuhi mapema, bahari upande mmoja. Inawezekana?

DadaWaCadwell:
Kenya gari likizidi miaka minane tangu lisajiliwe haliingii, kwa hiyo la 1999 lisahau. Ingebidi iwe mpya au karibu na mpya. Na hayo matuta ya kila kijiji utayapanda na nini? Hapa tu kwetu kuna tuta moja mbele ya shule, rafiki yangu mwenye Seven huzunguka mtaa mzima kulikwepa.

NyaliBoy:
Matuta unapita kwa pembe, gurudumu moja moja. Probox zilizobeba miraa zinapita.

SpanaKumi:
Probox iko juu, ndugu yangu. Tuta la Mtwapa litakaa na oili yako.

KijanaWaTanga:
Wakuu, nimefanya mlivyosema. Jirani anapangisha gereji pauni 60 kwa mwezi, nimemwambia aniwekee. Muuzaji wa Derbyshire anasema ni bodi ya kawaida, sakafu haijashushwa. Mpira wa hita anadai ulibadilishwa ila risiti hana. Tairi anasema ni mpya kabisa, hazijatembea maili elfu mbili.

MzeeKombo:
Maili si hoja. Kwenye gari la nusu tani tairi huzeeka kabla hazijaisha. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 1413, hizo ni za mwaka 2013, ngumu kama kwato, na siku ya baridi zitakutupa mtaroni kwenye kona ya kawaida. Upepo nao usijaze kama wa Corolla. Psi 18 zikiwa baridi zinatosha. Ukijaza 30 gari linarukaruka kama mpira.

DadaWaCadwell:
Na ikiwa unawaza kwenda nalo kwenye uwanja wa mbio za magari, uliza ekzosi. Viwanja vingi hupima kelele kabla hujaingia, na Seven za zamani hurudishwa getini. Mimi niliona mmoja akirudishwa Cadwell Park baada ya kuendesha saa tatu kufika.

SpanaKumi:
Bodi nyembamba, sentimita 188, kiatu 46. Mimi nimeshajibu. Kaione Westfield Jumapili.

MzeeKombo:
Wapo warefu kuliko yeye wanaoendesha nyembamba. Wanatoa kiti, wanakalia sponji iliyokatwa kwa umbo la mwili. Aingie kwanza ndipo tuseme. Kijana, Derbyshire ni saa moja kutoka kwangu. Ukipenda nitakuja na tochi na kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma ya injini.

KijanaWaTanga:
Shikamoo mzee, na asante sana, nimekutumia ujumbe wa pembeni. Miadi ni saa nne asubuhi. Nimeshamwambia asiiwashe. Kuna mwenye kiatu chembamba cha kuendeshea namba 46 wa kuniazima hadi Jumapili?

MzeeKombo:
Marahaba. Vyangu ni 42. Njoo na soksi nene.

DadaWaCadwell:
Hiyo MX-5 ya 1994 iko mji gani? Ikiwa ni karibu na Lincoln, naweza kwenda kuibonyeza kidole kesho nikitoka kazini.